Bano la Kufunga

Umeme umerudi Newala saa nne usiku,
feni ya ofisi ya chama cha msingi inaanza kukohoa,
nami nafungua faili la mipangilio:
mistari mia tatu na kumi na miwili,
hakuna hata mmoja niliopewa na mtu.

Kihariri kilikuja cheupe
kama ukuta wa zahanati.
Kufika saa sita macho yaliniwasha
kama ya baba msimu wa kupuliza salfa,
akirudi shambani kope zote manjano,
akinawa, akinawa, na bado.

Nikasema, hapana, nitapaka mwenyewe.
Usuli nikauchukua Shimo la Mungu,
si lile la mchana, la wageni na picha zao,
ni la usiku, ukungu umeshapanda
na bonde limepoteza chini yake.
Amri nikazipa wekundu wa bibo la jana.
Maelezo ya pembeni, kijivu cha majivu ya maganda.
Kilicho sawa, kijani cha jani changa la mkorosho.
Na onyo likawa njano ya salfa;
anayeijua haelezwi.

Lugha ya kuyasema haya ni mabano matupu.
Bano ndani ya bano ndani ya bano,
kama vikapu vinavyorudi kutoka ghalani,
kimoja tumboni mwa kingine.
Ulichofungua ukifunge.
Ukisahau kimoja, hata cha mwisho kabisa,
kihariri kinagoma kuamka,
kinakutazama kama mwenye msiba
anavyomtazama aliyeondoka bila kuaga.
Nimelala hapa mara mbili
nikitafuta bano moja.

Mwezi wa saba akaja Sijaona,
kijana wa Kitangari, mazoezi ya kazi,
shati limepigwa pasi hadi kwenye kola.
Nikampa kompyuta, nikampa rangi zangu,
nikajivuna kidogo: tazama, Newala yote imo humu.
Akatazama. Akasema, nzuri, dada.

Siku ya tatu akapitisha hesabu ya mizani
yenye kosa jekundu katikati yake, linapiga kelele.
Gunia la kilo themanini limesomeka nane.
Nikamfokea mbele ya karani na mlinzi:
huoni? Jekundu lote hilo, huoni?
Akanyamaza mpaka karani akatoka.
Kisha taratibu:
"Dada, jekundu ni lipi?"

Kumbe nyumbani walimtuma mabibo
akarudi na mabichi, kila mara,
wakamwita mvivu, wakamchapa,
wakatania jina lake mpaka likachakaa.
Akajifunza kunusa.
Bibo lililoiva, anasema, unalijua hatua tatu kabla.
Lakini skrini yangu haina harufu.

Ndiyo maana usiku huu nafuta bibo.
Linaniuma, sitadanganya;
rangi ile niliisaka wiki nzima.
Naandika:

(kwa-ajili-ya 'sijaona
  (kosa (rangi "samawati") (mstari "chini"))
  (sawa (rangi "chungwa")))

na nahesabu kwa ncha ya kidole,
fungua, fungua, funga,
mbwa wa sokoni wanabweka,
umeme unapepesa jicho, unabaki.

Asubuhi amewahi kuliko mimi.
Sikumwambia kitu. Nilijifanya natafuta risiti.
Akakaa, akawasha, akaegemea mbele,
halafu akarudi nyuma polepole
kama mtu aliyesogezewa taa.
Hakushukuru. Akanyoosha kidole:
"Hapa pana kosa. Na hapa."
Nikainama. Yote mawili yangu,
ya tangu mwezi wa nne,
nimeyapita kila siku na macho yangu mazima.

La kwanza tukalirekebisha pamoja.
La pili lilikuwa bano tu.
Akalifunga mwenyewe,
akaenda kunywa chai.